Bawa Alilokula Mwenyekiti

Jumapili hiyo Rael Naliaka alikwenda kanisani kama jirani zake wote wa Kawangware, akaimba, akainamisha kichwa, na wenzake walipokuwa wakiwaombea wagonjwa na wasafiri, yeye akaomba jambo ambalo sidhani mtu mwingine aliwahi kulifikisha mbinguni. Aliomba mgeni wa mchana asitafune mifupa.

Msidhani alikuwa na mzaha. Rael alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya Harambee ya wasichana, pale chini ya Muthangari ambapo nyumba za vigae zinakoma na mabati yanaanza, na shule hiyo ilikuwa na kila kitu cha kufundishia biolojia isipokuwa viumbe. Mapema mwaka huo wa 1972 mkaguzi wa wizara, Bwana Twahir, alifika akauliza vielelezo viko wapi. Rael akamwonyesha michoro aliyoibandika ukutani. Bwana Twahir alikuwa mtu wa Mombasa, na watu wa kwao hata wakikunyima kitu hukunyima kwa adabu mpaka ukashukuru.

"Michoro mizuri sana, mwalimu," alisema. "Lakini mwanafunzi hasomi picha ya kitu, husoma kitu chenyewe. Nitarudi baada ya likizo. Nikivikuta vielelezo, nitaidhinisha wasichana wafanye mtihani wa biolojia. Nisipovikuta, basi wafanye ushonaji, wala tusilaumiane."

Ushonaji. Neno hilo lilimkaa Rael rohoni kama mwiba. Yeye mwenyewe alidarizi vitambaa vya meza kwa miaka kadhaa kabla hajampata mwalimu wa kumfungulia kitabu cha viumbe, na alijua kwamba hakuna chuo cha wauguzi kingemtazama msichana mara mbili kama hana biolojia. Katika darasa lake alikuwamo Hannah, binti wa fundi viatu, aliyetaka uuguzi tangu mdogo wake afe kwa surua. Ukimwambia Hannah akashone, ingekuwa heri umwambie arudi nyumbani.

Kwa hiyo Rael alianza kukusanya. Alichagua somo la viungo, kwa sababu ndilo alilolipenda kuliko yote: jinsi mkono mmoja wa zamani ulivyogeuka ukawa vitu vingi, na jinsi vitu visivyo na undugu hufanana vikifanya kazi moja. Mchinjaji wa Kangemi alimpa mguu wa mbele wa mbuzi. Popo mfu alianguka kutoka dari la kanisa, na watoto wa Jumapili wakamletea kwa kijiti. Mvua ya masika ilipopiga, kumbikumbi walitoka ardhini, wakaruka, wakaangusha mbawa zao mlangoni kwake, akazizoa wakati jirani zake wakizoa miili kwenda kukaanga. Kilichobaki kilikuwa bawa la ndege, na Bwana Twahir alikuwa anakuja Ijumaa.

Utasema, si anunue kuku? Nyumbani alikokaa, kwa mama mdogo Phoebe na mumewe Bwana Were, kuku hakuwa kitu cha kununuliwa hivi hivi siku ya kazi. Kuku alikuwa wa mgeni. Na mgeni wa Jumapili hiyo alikuwa mkubwa: Mzee Zadock Ogutu, nyapara wa ujenzi, mzee wa kanisa, mtu wa Samia, kule Busia, kama Bwana Were, na juu ya hayo mwenyekiti wa kamati ya shule anayofundisha Rael. Bila sahihi yake hata chaki haikununuliwa.

Kuku wa mgeni kwao huletwa mezani akiwa kamili. Huwezi kumpunguza jikoni ukasema mgeni hatajua. Mgeni hujua. Huhesabu kwa macho huku akiuliza habari za watoto, na kipande kimoja kikikosekana habari zitafika Busia kabla ya basi. Basi Rael hakuthubutu kulificha bawa. Mpango wake ulikuwa kungoja watu wale, kisha aokote mifupa kwenye sahani.

Yeye na mama mdogo walimnyonyoa jogoo, wakampika, wakamwandaa na ugali wa wimbi, kisha wakarudi jikoni kula sukumawiki. Wanawake wa nyumba hiyo hawakula kuku, kama mama zao hawakula. Mjini kulikuwa na waliokwisha kuuacha mwiko huo, na Rael alikuwa na cheti cha ualimu na mawazo yake mwenyewe, lakini hakuwahi kumwonja. Ukimuuliza sababu, alisema hana sababu, ila mate yanakataa.

Alisimama nyuma ya pazia la mlango akichungulia. Bwana Were, Mungu amsamehe, alikuwa mlaji asiye na simile. Alichukua bawa la kwanza, na Rael akasikia mfupa ukilia kati ya meno yake kama kuni kavu. Alipomaliza hapakubaki hata unga. Mzee Ogutu akachukua la pili. Alikula taratibu, akafyonza, akageuza, akafyonza tena, kisha akaiweka mifupa ukingoni mwa sahani, mizima, safi kama imeoshwa. Rael nusura apige makofi.

Sahani ilipofika jikoni aliiinamia. Alitenga mfupa wa juu, akatenga ile miwili ya chini yake, akatafuta vile vidogo vya ncha kwa kucha, akavipanga kwenye leso yake nyeupe. Alikuwa anaikunja leso aliposikia kikohozi. Mzee Ogutu alikuwa amezunguka nyuma kwenda kunawa mikono, na sasa amesimama mlangoni, maji yakimdondoka vidoleni, akiitazama mifupa aliyoifyonza ikifungwa ndani ya leso ya mwanamke.

Hapo lazima nieleze, maana asiyetoka magharibi ya nchi anaweza kudhani mzee alishangaa tu. Kwao, mtu mwema hakusanyi mabaki ya chakula cha mwenzake. Anayeyakusanya anajua pa kuyapeleka: kwa mtu wa dawa, na huko mwenye meno yaliyogusa mabaki hayo ataanza kukonda bila ugonjwa. Rael alilijua hilo tangu utotoni. Ila alikuwa amezama katika mifupa hata akalisahau, na lilimrudia kichwani pale alipoiona sura ya mzee.

"Mzee, ni ya shule," alisema.

Mzee Ogutu alirudi sebuleni, akachukua kofia, akaondoka bila chai na bila sala ya kufunga. Bwana Were alibaki na birika mkononi akiuliza nyumba nzima kosa lake ni lipi.

Rael alipowaeleza, mama mdogo Phoebe alijishika kichwa. Bwana Were alisema maneno ambayo sitayaandika. Lakini mifupa ilikuwa imeshapatikana na Ijumaa ilikuwa karibu, kwa hiyo Rael aliichemsha katika maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, yale wanayolainishia mboga, mpaka mafuta yote yakatoka. Kisha akaifunga kwa waya kwenye kipande cha plaiwudi, kati ya popo na mbuzi, na chini yake akabandika mbawa za kumbikumbi. Alipokitazama kazi ilipokwisha, moyo wake ulijaa. Aliamini mzee atatulia.

Mzee hakutulia. Jumatatu mwalimu mkuu alimwita ofisini, mama mpole aliyependa mambo yaende bila kelele.

"Mwenyekiti ametuma mtu," alisema. "Amelala na tumbo tangu jana. Anasema hatatia sahihi kwa darasa la biolojia mpaka umrudishie kitu yake. Umechukua nini ya mzee, Rael?"

"Mifupa."

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Mifupa yake?"

"Ya kuku, madam. Aliyemla yeye."

"Sasa kwa nini usimrudishie?"

"Kwa sababu Bwana Twahir anakuja Ijumaa, na sina bawa lingine."

Mwalimu mkuu alimtazama kwa huruma ile ya mtu asiye na msaada. Mzee akinyimwa mifupa yake, sahihi hakuna. Akirudishiwa, kielelezo hakuna. Njia zote mbili zilimfikisha Hannah kwenye sindano na uzi.

Rael aliwaza siku mbili. Jumatano, aliposikia mzee amerudi kazini, alikifunga kibao katika leso ya mama mdogo akaenda nacho Kilimani. Siku hizo bustani za Wazungu walioondoka zilikuwa zikikatwa vipande, na juu ya kila kipande kunachipuka ghorofa. Mzee Ogutu alikuwa amekaa kwenye rundo la mawe ya kuchonga akinywa uji usio na sukari, chakula cha mtu anayeliogopa tumbo lake. Rael alimsalimia mulembe. Hakuitikia.

"Umeleta?"

"Nimeleta, mzee."

"Yote?"

"Yote. Lakini naomba kwanza unisikize, kisha utachukua."

Alifungua leso. Mzee akarudi nyuma hatua. Fundi Mutiso, aliyekuwa juu ya jukwaa akipanga mawe, akaacha mwiko wake wa saruji ukining'inia.

"Mutiso, endelea na kazi," mzee alisema bila kugeuka. Kisha akainyosha shingo. "Hiyo ingine ni nini?"

"Popo."

"Na hii?"

"Mguu wa mbuzi."

"Kwa hivyo mimi umeniweka katikati ya popo na mbuzi."

"Si wewe, mzee. Ni kuku."

"Ni kuku yenye nilikula," mzee alisema, na sauti yake ilitetemeka. Hapo Rael alielewa kwamba mtu huyu mkubwa, anayewakaripia mafundi wa ghorofa nzima, alikuwa anaogopa kufa. Aibu ilimshika. Tangu Jumapili alikuwa amewaza bawa, hakumwaza mwenye meno.

"Shika mkono wako hapa juu," alimwambia kwa upole, akijishika mwenyewe. "Kutoka bega mpaka kiwiko, mfupa ni ngapi?"

Mzee alisita, lakini nyapara hawezi kusikia hesabu asiipime. Akabonyeza. "Moja."

"Chini ya kiwiko?"

Akabonyeza tena, akageuza kiganja juu, akakigeuza chini, akasikia vitu viwili vikipishana ndani. "Mbili."

"Halafu vifupa vidogo kama kokoto, halafu vidole. Sasa angalia kuku."

Mzee aliinama bila kugusa. Mmoja. Miwili. Kokoto. Kisha vidole, vimepungua na kushikana, lakini kidole gumba kilikuwa bado pembeni, kidogo kama punje ya mchele. Akahamia kwa mbuzi. Mmoja; miwili, ila hapa imegandana; kokoto; mifupa miwili ya kiganja imekuwa nguzo moja ndefu, na mwishoni vidole viwili vilivyovaa kwato. Akahamia kwa popo. Mmoja, miwili, wa pili mwembamba kama uzi, kokoto, kisha vidole virefu ajabu, kila kimoja isipokuwa gumba karibu kama mwili mzima wa mnyama, na ngozi imewambwa kati yake. Alirudi kwa kuku akaanza upya, midomo ikichezacheza.

"Ramani ni moja," alisema mwishowe. "Nani aliichora?"

"Hapo utajaza mwenyewe, mzee, wewe ni mzee wa kanisa. Mimi nafundisha kwamba tuliirithi. Zamani sana kulikuwa na mnyama mmoja, hakuwa mtu, hakuwa kuku, alitembea kwa miguu minne yenye mpango huu. Watoto wake wakatawanyika. Waliokimbia, kama mbuzi, vidole vikapungua. Waliobaki wakishika vitu, kama sisi, tukabaki na vyote vitano."

"Kama ukoo," mzee alisema. "Mmoja alienda Kitale, mmoja Uganda, mmoja huku. Ukisikia wakiongea utasema hawajuani. Lakini ukichunguza babu ni mmoja." Kisha akashusha sauti. "Hiyo sitasema kanisani."

"Sijakwambia useme."

Uji ulikuwa umepoa. Mzee alikuwa ameusahau. "Basi popo na kuku ni ndugu ya karibu kuliko mbuzi, kwa sababu wote wanaruka."

"Hapo ndipo wengi hupotea," Rael alisema, na sasa alikuwa mwalimu tena, mikono ikienda yenyewe. "Mkono waliurithi. Bawa hawakulirithi. Angalia: popo ameruka kwa vidole na ngozi. Kuku aliviacha vidole vikasinyaa, akashikilia manyoya kwenye huu mfupa wa chini. Yule babu yao hakuwa na bawa. Kila mmoja alilitafuta kivyake, kwa sababu hewa ni ileile na kuruka ni kulekule. Popo ana undugu wa karibu na mbuzi, ananyonyesha. Na kumbikumbi hapa hata mfupa hana, hana mkono wetu wala nini, na bado ameruka."

Mzee alitazama ghorofa yake, kisha akatazama ghorofa nyingine ng'ambo ya barabara. Alinyosha kidole.

"Ile sijengi mimi. Nyapara wa kule hata simjui jina. Lakini ona kibaraza yake iko wapi. Upande wa jua la asubuhi, kama yangu. Yeye ameshikilia na chuma, mimi nimeshikilia na zege. Hakuna mtu aliiba kwa mwenzake. Ni jua tu ilituambia."

Rael alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Miaka yote ya kufundisha alikuwa akitafuta mfano ulionyooka namna hiyo. "Hivyo hasa, mzee."

"Nimeelewa," Mzee Ogutu alisema. "Umefundisha vizuri. Sasa nipe mifupa yangu."

Alikuwa hatanii. Uso ulikuwa mkavu na mkono umenyoshwa. Rael angeweza kumwomba zaidi. Angeweza kumwambia kwamba imechemshwa, imeoshwa, haina tena hata harufu ya meno ya mtu. Lakini aliuona ule mkono haujashuka, akajua kwamba kuelewa ni kitu kimoja na kulala usingizi usiku ni kingine. Alifungua waya mmoja baada ya mwingine, akakusanya mpaka kile cha gumba, akavifunga katika karatasi akampa. Kwenye kibao palibaki uwazi kati ya popo na mbuzi. Alirudi kwa miguu mpaka Kawangware, na sitaficha, alilia njiani.

Alhamisi alasiri, Rael alikuwa ameshaanza kuchora bawa kwenye karatasi ngumu, akijua halitatosha, aliposikia kuku akilia mlangoni. Alikuwa Mzee Ogutu, na kwapani amembana jogoo mwekundu mwenye hasira. Bwana Were alitoka mbio kumkaribisha, akagonga kichwa kwenye mwimo wa mlango.

"Mulembe," mzee alisema, na safari hii alianza yeye. Alikaa. Alikubali chai. Kisha akamgeukia Rael.

"Ile mifupa nilichoma jana. Nikalala vizuri sana. Lakini asubuhi nikajiuliza: huyu msichana alikuwa na mimi mkononi, na alikuwa na shida kubwa, na bado amenipa. Mchawi angenirudishia? Nimeishi sana, sijasikia mchawi anarudisha." Akamsukuma jogoo mbele. "Hii hakuna mtu amekula. Fanya nayo kazi."

Rael alishika mikono yote miwili ya mzee akainama.

Shida ilikuja jogoo alipokwisha kuiva. Nyama ilikuwa sufuriani, mifupa ilikuwa ndani ya nyama, kisu kingeikwaruza, na mtu hatupi nyama ya jogoo huku watu wanamtazama. Nani ale mabawa?

"Mimi sili," Mzee Ogutu alisema haraka. "Nakuamini, mwalimu. Lakini tumbo bado."

Bwana Were alijitolea kwa moyo mweupe, na kila mtu akakataa kwa sauti moja, maana meno yake yalijulikana. Akapendekeza jirani. Mzee akatikisa kichwa: mwanamume gani wa kwao angekubali mabaki yake yatundikwe ukutani, wasichana wayanyoshee vidole? Nje jua lilikuwa linaegemea Ngong, na mifupa ilihitaji kuchemshwa tena na kukauka kabla ya asubuhi.

"Nitakula mimi," Rael alisema.

Bwana Were alimtazama mzee, kana kwamba dari lingeanguka na mzee ndiye angejua lini.

"Mifupa itakuwa yangu," Rael aliendelea. Hakuwaogopa wao; akilini aliwaona mama yake mzazi na bibi yake, wote wakiwa wamekaa mbali na sinia maisha yao yote. "Anayetaka kuniroga, darasa langu anajua liko wapi."

Mzee Ogutu alikuna kidevu. Alikuwa mlinzi wa mambo ya kale, na jana tu aliyalinda kwa hofu zote alizokuwa nazo. Kisha akachukua sinia mwenyewe, akalisogeza mbele ya Rael.

"Were, wacha ale," alisema. "Ni kazi ya shule."

Rael alichukua bawa. Mate hayakukataa. Alikula kama alivyomwona mzee akila, taratibu, akifyonza, akigeuza, na kuweka kila mfupa mahali pake: mmoja, miwili, kokoto, vidole. Alipoinua macho, aliona mkono ukipita mbele yake kuelekea kwenye sinia, mkono wenye alama za moto wa jikoni wa miaka mingi. Mama mdogo Phoebe alikuwa ametoka mlangoni pa jikoni bila mtu kumwona. Alichukua bawa la pili, akakaa kwenye kiti, kiti chenyewe si kigoda, akala.

"Yakiwa mawili ni bora," alisema, akimtazama mumewe. "Moja likivunjika."

Ijumaa Bwana Twahir alifika akiwa amepiga pasi mpaka leso ya mfukoni. Mzee Ogutu alikuwa amekwisha kufika, amesimama nyuma ya darasa akiwa na funguo na kofia. Kibao kilikuwa juu ya meza: popo, mbuzi, mabawa mawili ya jogoo, na kumbikumbi chini yao. Waya ulikuwa bado na unyevu. Bwana Twahir alikizunguka mara ya kwanza, akakizunguka tena, kisha akamwita msichana aliyekaa mbele, naye alikuwa Hannah.

"Binti, popo huyu na jogoo huyu, wana undugu ama wamefanana tu?"

Rael alishika ukingo wa meza. Lilikuwa swali lenye mtego, na wasomi wazima wametumbukia humo.

Hannah alisimama. Alijishika mkono, kiwiko, kifundo, akisoma mwili wake mwenyewe. "Mkono ni wa undugu, bwana," alisema. "Wote waliurithi kwa babu mmoja, na hata sisi. Lakini bawa si la undugu. Popo ametumia vidole na ngozi, jogoo ametumia manyoya. Kila mmoja alifika kivyake. Kumbikumbi hana hata mkono, amefanana nao kwa kazi tu."

"Na wewe ulijuaje kwamba mkono ni mmoja?"

"Nilihesabu, bwana."

Bwana Twahir alitoa kalamu. Alisaini fomu ya mtihani pale pale, akamsogezea mwenyekiti, na Mzee Ogutu akasaini kwa herufi kubwa kuliko nafasi iliyokuwapo. Hannah alibaki amesimama, kama hajui kama anaruhusiwa kukaa, kisha akafunika uso kwa viganja. Rael naye ilimbidi atazame dirishani.

"Swali langu la mwisho," Bwana Twahir alisema akiifunga kalamu. "Mabawa haya ni mazuri mno. Mumeyapata wapi?"

"Hili ni langu," Rael alijibu. "Lile la mama yangu mdogo. Tuliyala jana wenyewe."

Mkaguzi alitikisa kichwa tu. Kwao Mombasa hilo halikuwa neno. Lakini zaidi ya nusu ya wasichana wale walikuwa mabinti wa Busia, Bungoma na Kakamega, na walimtazama mwalimu wao kama mtu ambaye amevuka mto mkubwa na nguo hazijalowa. Hannah aliviondoa viganja usoni.

"Mwalimu," aliuliza polepole, "ni tamu?"

Rael alimtazama Mzee Ogutu kule nyuma, aliyekuwa ghafla ameona jambo la maana sana ndani ya kofia yake.

"Ni tamu sana," alisema. "Muulizeni mwenyekiti kwa nini siku zote hizi hakutuambia."